Plagi za Gari la Zamani: Ubadilishe Mwenyewe au Uende Gereji?

Katika kipindi cha leo tunaweka kando mbegu na mbolea, tunafungua boneti ya gari. Najua wengine mtasema, "Leo bwana shamba kaacha jembe kashika spana." Msicheke. Mkulima akishavuna, kazi yake bado nusu. Nyanya iliyo shambani haijawa fedha. Inakuwa fedha ikifika sokoni ingali nzima, nayo nyanya haingoji mtu.

Wako wakulima, na viko vikundi vya wakulima, ambao bado wanategemea pikapu ya petroli ya zamani: Datsun 1200, Toyota Hilux yenye kabureta, Peugeot 404, au Land Rover. Gari hilo hilo ndilo linalopeleka mazao sokoni, ndilo linalorudi na mifuko ya mbolea, na ndilo linaloamshwa usiku mama mjamzito anapozidiwa. Basi fikiria barabara ya kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Upande mmoja mlima, upande wa pili korongo, kona moja baada ya nyingine. Pikapu imejaa mbolea. Pale katikati ya mlima injini inaanza kukatakata, gari linatetemeka, nguvu zinakwisha, utingo anaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Mara nyingi chanzo cha taabu yote hiyo ni kitu kisichozidi urefu wa kidole. Kitu hicho ni plagi.

Swali letu la leo ni hili: plagi za gari la namna hiyo zikichakaa, uzibadilishe mwenyewe au ulipeleke gari gereji? Jibu langu nawapa mapema. Kazi hii unaiweza mwenyewe, kama injini ni ya baridi na mkono wako una subira. Lakini iko mipaka, na ukifika kwenye mpaka huo, mwite fundi. Na hata ukienda kwa fundi, plagi za zamani usikubali zitupwe kabla hujaziona. Sababu yake nitaieleza.

PLAGI HUFANYA KAZI GANI?

Kwanza tuelewane jambo moja. Plagi za cheche zimo katika injini ya petroli tu. Kama gari lako ni la dizeli, mada hii haikuhusu moja kwa moja, kwa sababu dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Injini nyingine za dizeli zina plagi za kupasha moto wakati wa kuwasha, lakini hizo ni kitu kingine kabisa. Usizichanganye.

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na petroli huingia ndani ya silinda, pistoni inaugandamiza, kisha plagi inatoa cheche na kuulipua. Mlipuko huo unaisukuma pistoni chini, na hiyo ndiyo nguvu inayozungusha magurudumu. Umeme wa betri ni volti 12 tu, hautoshi kuruka mwanya wa plagi. Kwa hiyo koili inaupandisha mpaka maelfu ya volti, 15,000 na hata zaidi, kisha distributa inaugawa kwa kila plagi kwa zamu yake.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inatoa cheche mara 1,500 katika dakika hiyo hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Kila cheche inakula chembe ndogo sana ya chuma cha ncha ya plagi. Bandu bandu huisha gogo. Mwanya ulioanza ukiwa mdogo unapanuka, na kadiri unavyopanuka, umeme unapata taabu kuuruka.

Kwa nini basi gari linaonekana zima likiwa tambarare, halafu linashindwa mlimani? Ni kwa sababu ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo, hewa na petroli nyingi zaidi huingia katika silinda na kugandamizwa kwa nguvu zaidi. Katika mgandamizo huo cheche inahitaji umeme mwingi zaidi ili iruke. Plagi iliyochoka inaweza kufanya kazi gari likiwa limesimama linanguruma, ikashindwa kabisa penye kilima. Kwa hiyo usilipime gari uwanjani nyumbani ukasema ni zima. Mlima ndio mtihani.

DALILI ZA PLAGI ZILIZOCHOKA

Dalili ni hizi. Injini ni ngumu kuwaka asubuhi. Inamisi, yaani mlio wake unaruka badala ya kwenda sawasawa. Gari halina nguvu penye mlima. Petroli inakwisha upesi kuliko zamani. Kwenye ekzosi unasikia harufu ya petroli mbichi.

Harufu hiyo msiipuuze. Injini ya silinda nne ikiwa na silinda moja isiyowaka, petroli ya silinda ile inatoka nje bure, nawe umeilipia. Tena petroli hiyo mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zinalika upesi. Plagi ya bei ndogo inazaa ugonjwa wa bei kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Zipo injini nyingine shambani zenye plagi, kama pampu ya maji ya petroli na pikipiki. Mengi nitakayosema yanazihusu pia, ila kwa kawaida hizo zina plagi moja tu, kwa hiyo kazi ni nyepesi zaidi.

KUNUNUA PLAGI

Ndugu mkulima, usiende dukani ukasema, "Nipe plagi za gari." Nenda na namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kama kitabu kimepotea, nenda na plagi moja ya zamani mkononi, ukiwa na hakika kwamba ndiyo iliyokuwa sahihi. Yaangalie mambo matatu.

La kwanza ni unene na urefu wa hesi, yaani yale meno yanayojikaza ndani ya injini. Magari mengi ya zamani hutumia hesi ya unene wa milimita 14, lakini urefu unatofautiana: nyingine ni milimita 12.7, nyingine ni milimita 19. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Fupi kupita kiasi inajificha ndani ya tundu na kujaa masizi.

La pili ni joto la plagi. Plagi inatakiwa iwe na moto wa kutosha kuunguza masizi yake yenyewe, kiasi cha nyuzi 450 za sentigredi na kuendelea, lakini isifikie joto la kuwasha petroli kabla ya cheche. Ndiyo maana watengenezaji wanauza plagi "za moto" na plagi "za baridi". Hapa watu wengi hupotea. Kwa plagi za NGK, namba ikizidi kuwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion ni kinyume chake: namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Kwa hiyo usilinganishe namba za kampuni mbili tofauti ukadhani ni kitu kimoja. Mwenye duka akikupa plagi ya kampuni nyingine, mwombe akuonyeshe katika orodha kwamba ndiyo badala yake.

La tatu ni uhalisi wa plagi yenyewe. Plagi za bandia zipo madukani. Tazama maandishi kwenye kaure, yaani ile sehemu nyeupe: yawe safi, yasifutike kwa kidole. Tazama ncha ya katikati: ikae katikati kweli, isipinde. Hesi ziwe laini, washa isichezecheze ovyo. Bei ikiwa rahisi mno kuliko maduka mengine, jiulize kwa nini. Kisha nunua zote kwa pamoja, nne kwa injini ya silinda nne, wala usibadilishe moja ukaacha tatu nzee.

VIFAA VYA KAZI

Huhitaji sanduku kubwa la vifaa. Tafuta hivi:

1. Spana ya plagi, mdomo wa milimita 21 au 16 kufuatana na plagi yako. Iliyo nzuri ina mpira ndani wa kushika kaure isivunjike. Kwa Peugeot 404 plagi zimezama ndani ya mashimo marefu, kwa hiyo utahitaji spana ndefu.

2. Fila, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya.

3. Pampu ya baiskeli na kitambaa kikavu.

4. Kipande cha mpira wa petroli, urefu wa kama shibiri moja, kinachobana kichwa cha plagi.

5. Kipande cha boksi au gazeti, na kalamu.

Kama fila hakuna na uko mbali na duka, kuna kipimo cha dharura. Jiti la kawaida la msumeno wa chuma lina unene wa karibu milimita 0.65 upande wa mgongo. Tumia mgongo, usitumie upande wa meno, maana meno yamepanuliwa. Hicho ni kipimo cha kukufikisha nyumbani tu. Ukifika, tafuta fila.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: acha injini ipoe kabisa. Sisemi ipoe kidogo. Iache usiku kucha, ufanye kazi asubuhi. Injini nyingi, kama ya Datsun 1200, zina silinda hedi ya aluminiamu. Aluminiamu ikiwa ya moto ni laini, na ukifungua plagi wakati huo unaweza kuzivuta hesi zake zikatoka pamoja na plagi. Plagi inanunuliwa kwa fedha kidogo, lakini silinda hedi iliyokatika hesi inaweza kulilaza gari msimu mzima wa mavuno. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya pili: weka gia huru, vuta breki ya mkono, toa swichi, vua waya mmoja wa betri. Sigara mbali, moto mbali, watoto mbali.

Hatua ya tatu: fanya plagi moja moja. Hii ndiyo kanuni kubwa ya kipindi cha leo. Ukivua nyaya zote kwa mara moja, utazichanganya. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2, na waya ukirudi mahali si pake, injini italipuka kwenye kabureta au haitawaka kabisa. Tena si kila kampuni huanza kuhesabu silinda kutoka mbele. Nyingine huanza upande wa giaboksi. Ukivua waya mmoja, ukabadilisha plagi yake, ukaurudisha ndipo uende wa pili, huna haja ya kujua hesabu hizo.

Hatua ya nne: vua waya kwa kushika kofia yake. Usivute waya wenyewe, maana utakatika ndani na nje usione kitu.

Hatua ya tano: piga pampu ya baiskeli kuzunguka shina la plagi mpaka vumbi na mchanga vitoke. Barabara zetu za vumbi mnazijua. Punje za mchanga zikidondokea ndani ya silinda zitasaga kuta zake kama jiwe la kusagia. Hatua hii ni ya nusu dakika, na wengi huiruka.

Hatua ya sita: ingiza spana ikae wima, fungua kwa kushoto. Ukiiegemeza upande, kaure itavunjika. Plagi ikianza kuachia halafu ikakaza tena, usilazimishe. Irudishe kulia kidogo, weka tone la mafuta ya kupenya kwenye shina, ngoja, kisha jaribu tena, mbele na nyuma, taratibu.

Hatua ya saba: weka plagi uliyoitoa juu ya boksi, na uandike namba: ya kwanza kutoka mbele, ya pili, ya tatu, ya nne. Usizichanganye. Tutakuja kuzisoma.

Hatua ya nane: pima mwanya wa plagi mpya. Usiamini kwamba imetoka dukani ikiwa sawa. Fuata kitabu cha gari. Magari mengi ya zamani yenye pointi hutaka milimita 0.6 hadi 0.8. Fila ipite kwa kugusa kidogo, isilegee wala isikwame. Kama mwanya ni mpana, gonga ncha ya pembeni taratibu kwenye mbao. Kama ni mwembamba, ivute kidogo. Ncha ya katikati usiiguse wala usiitumie kama mtaimbo, kaure itapasuka.

Hatua ya tisa: ingiza plagi kwa vidole. Chomeka kichwa chake katika kile kipande cha mpira, iteremshe tunduni, zungusha mpira kulia kwa vidole. Uzuri wa mpira ni huu: plagi ikiingia mshazari, mpira utateleza kabla hesi hazijaharibika. Spana haina huruma hiyo. Plagi iende kwa vidole mpaka ikae. Isipokwenda kwa vidole, itoe uanze upya. Kamwe usianze na spana.

Hatua ya kumi: sasa kaza kwa spana. Plagi mpya yenye washa, ikishakaa kwa vidole, ongeza nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Utasikia washa inajibana, hapo simama. Plagi yenye washa iliyokwisha kutumika ongeza kidogo tu, kiasi cha kutoka namba 12 mpaka namba 1 kwenye uso wa saa. Plagi isiyo na washa, yenye shina la mviringo kama mdomo wa faneli, inataka kidogo zaidi ya hapo kupungua, moja ya kumi na sita ya mzunguko. Mwenye spana ya kupimia nguvu, nyutoni mita 25 hadi 30 zinatosha kwa plagi ya milimita 14 yenye washa. Usipachike bomba kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu. Bomba hilo ndilo linalokata hesi.

Hatua ya kumi na moja: rudisha waya mpaka usikie umeshika. Nenda plagi ya pili. Zikiisha zote, rudisha waya wa betri, washa, sikiliza. Mwenda mbio wa mara ya kwanza atatumia saa nzima, na hiyo si aibu.

PLAGI YA ZAMANI NI SHAHIDI

Sasa turudi kwenye boksi letu. Plagi ilikuwa ndani ya silinda, imeona yote. Ukiitazama vizuri itakuambia hali ya injini, bila malipo. Iangalie pale ncha zilipo.

Kama ni kavu na ina rangi ya udongo mwepesi au kijivu, injini ni nzima. Vitabu vya zamani viliandikwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo usishangae rangi ya plagi yako ikitofautiana kidogo na picha za kitabuni.

Kama ina masizi meusi, makavu, yanayofutika kwa kidole, petroli ni nyingi kuliko hewa. Tazama chujio la hewa kama limejaa vumbi, tazama choki kama imekwama, kisha kabureta. Kubadilisha plagi peke yake hakutaponya, baada ya siku chache zitakuwa nyeusi tena.

Kama imelowa petroli, basi cheche haikuruka. Huenda ni plagi yenyewe, huenda ni waya wake, au kofia ya distributa imepasuka au ina unyevu.

Kama ina oili nyeusi ya kuteleza, oili inapenya kutoka ringi za pistoni au miongozo ya valvu. Huo ni ugonjwa wa injini, na kikundi kianze kuweka akiba ya matengenezo mapema.

Kama kaure ni nyeupe kama chokaa, ina malengelenge, au ncha zimeanza kuyeyuka, silinda ilikuwa na joto kali mno. Huenda plagi ni ya moto kupita kiasi, huenda hewa ni nyingi kuliko petroli, taimingi imetangulia, au injini haipoi vizuri. Usiendelee kubeba mzigo mlimani. Gari la namna hii pistoni yake inaweza kutoboka.

Kama plagi moja ni safi mno, kana kwamba imeoshwa, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Plagi zote nne zikifanana ubaya wao, tafuta sababu inayogusa injini nzima, kama kabureta au chujio la hewa. Moja ikitofautiana na wenzake, ugonjwa uko katika silinda ile. Ndiyo maana nilisema uziandike namba.

LINI UENDE GEREJI?

Nenda kwa fundi mambo haya yakitokea. Plagi imekataa kutoka hata baada ya kuipa mafuta na subira. Plagi imekatikia ndani. Hesi zimeng'oka, au plagi inazunguka bila kukaza. Hilo la hesi fundi mwenye vifaa anaweza kulirekebisha kwa kutia hesi mpya ya chuma ndani ya tundu, lakini si kazi ya chini ya mwembe. Nenda pia kama umeona oili, malengelenge, au dalili ya maji. Fundi atapima mgandamizo wa kila silinda na kukuambia ukweli. Na kama umetia plagi mpya na gari bado linamisi, usinunue plagi nyingine. Tatizo liko kwingine: pointi, kondensa, koili, nyaya, au mafuta.

Hakuna aibu kumlipa fundi tangu mwanzo, kama macho hayaoni vizuri au mkono unatetemeka. Wakala wa magari mjini anaweza kuwa na spana ya kupimia nguvu na orodha kamili ya namba. Lakini ukilipeleka gari huko, hesabu pia petroli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi iliyopotea. Kwa plagi nne za gari la zamani, safari inaweza kugharimu kuliko kazi yenyewe.

Ukiwa gereji, mweshimu fundi, lakini gari ni lako. Mwambie kwa upole mambo manne: "Fundi, naomba tungoje injini ipoe. Namba ya plagi ni hii hapa. Naomba uanze kwa vidole. Na zile za zamani nipangie kwa mstari nizione." Fundi mzuri atafurahi kupata mwenye gari anayejali. Asiyetaka uone plagi zako, huyo umfikirie mara mbili.

DAFTARI LA GARI

Plagi za kawaida, tuseme, zikaguliwe kila kilomita 10,000, mwanya urekebishwe, na zibadilishwe zikifika karibu kilomita 20,000, au mapema zaidi kama kitabu cha gari kinasema hivyo. Pikapu inayopanda milima na mzigo kila wiki usiisubirishe. Na kama kipima mwendo cha gari kimekufa, tumieni tarehe: kagueni kabla ya msimu wa mavuno, wala si katikati yake. Andikeni katika daftari la kikundi siku mliyobadilisha, namba ya plagi, na rangi ya zile za zamani. Chagueni zilizo bora kati ya hizo kuukuu, zifungeni katika karatasi, ziwe akiba ndani ya gari pamoja na spana yake. Plagi kuukuu inayotoa cheche, usiku, kilomita 15 kutoka zahanati, ina thamani kubwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Gari la kikundi chetu ni la petroli au la dizeli? Kama ni la petroli, namba sahihi ya plagi zake ni ipi, na nani anaijua?

2. Mara ya mwisho plagi zilibadilishwa lini? Imeandikwa wapi?

3. Je, tuna spana ya plagi, fila na pampu ya baiskeli? Kama hatuna, tuchange kiasi gani?

4. Nani kati yetu, wanawake kwa wanaume, atajifunza kazi hii, ili isitegemee mtu mmoja asiyekuwepo?

5. Gari likiharibika hesi msimu wa mavuno, tutapelekaje mazao sokoni?

Ndugu wakulima, hapa ndipo muda wetu unapokwisha. Kumbukeni maneno matano: injini baridi, moja moja, vumbi kwanza, vidole kabla ya spana, na shahidi asitupwe. Katika kipindi kijacho tutarudi shambani, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Mpaka wakati huo, nawatakieni kazi njema. Kwaherini.